Sweta Niliyoifumua Nikisimulia

Kosa lenyewe nililifanya kwa furaha, na nadhani ndiyo sababu halikunipa dalili yoyote. Mtu akikosea kwa uvivu, kuna kitu ndani yake kinamnong'oneza. Mimi mikono yangu ilikuwa inacheza.

Wiki nzima nilikuwa nimekaa ofisini, karibu na mpaka mkubwa wa Rwanda, nikijaza matamko ya forodha ya mizigo inayovuka kwenda Goma. Saruji, mafuta ya kupikia, vigae, tena saruji. Uzito wa gari, uzito wa mzigo, namba ya gari, namba ya trela. Mtandao ukikatika, madereva hujaa mlangoni, na kila mmoja ana hakika kwamba ni mimi niliyeukata. Ijumaa jioni nilirudi nyumbani kwa miguu kandokando ya ziwa, na nilipofika nilitambua kwamba sikuliona ziwa. Kichwani hapakuwa na sentensi hata moja. Mtu anayeandika riwaya akifikia hapo, hata chai humshinda kunywa.

Halafu, nikiwa nasuuza sufuria, akaja bibi harusi.

Alikuja mzima, na shela yake na maua yake, amesimama kando ya barabara asubuhi ya ndoa yake mwenyewe, anasimamisha pikipiki. "Nipeleke maji moto," anamwambia dereva. Maji moto yapo kweli, chini kule Nyamyumba, yanachemka ufukweni, na wazee huenda kukanda viungo vyao. Lakini bibi harusi? Sikujua anakwenda kufanya nini. Nilijua tu kwamba hana wazimu, na kwamba hamchukii bwana harusi. Nililala mapema, nikiwa na hamu ya kesho kama mtoto aliyeahidiwa safari, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ninayofuma, na nikifuma ndipo hadithi zinapofunguka.

Tunafumia kwenye baraza la nyumba moja ya matofali, juu kidogo ya soko. Mwenye baraza ni mama mmoja aliyejifunza sindano utotoni huko Goma, kabla familia yake haijarudi Rwanda. Sisi wengine tumejifunza kwake. Nyuzi mpya tunanunua chache. Zaidi tunanunua sweta kuukuu sokoni, tunazifumua, tunaosha uzi, tunafuma upya. Kufumua ni kazi ya watu wawili: mmoja anavuta, mwingine anazungusha uzi kuwa donge. Mwenzangu wa kuzungusha ni mke wa dereva wa pikipiki, mzaliwa wa Masisi, mwanamke ambaye mdomo wake haufungwi siku nzima isipokuwa mimi nikiwa nasimulia.

Na ninayo namna yangu ya kufumua, ambayo hakunifundisha mtu. Navuta safu moja, nasema sentensi moja. Nanyamaza kidogo, yeye anazungusha, navuta nyingine. Vitanzi vinaachia kimoja baada ya kingine, tk tk tk tk, na mwisho wa safu uzi unasita kidogo kabla ya kugeuka, na hapo hapo na sentensi yangu inaisha. Sentensi ikiwa ndefu kuliko safu, najua ina maneno ya bure. Mchana nikirudi nyumbani ndipo ninapoandika niliyoyasema. Sijapata kupumzika kwingine kunakonirudishia wiki yangu namna hiyo.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo asubuhi tulikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima, tukizibua mtaro kwa majembe. Saa tano ndipo nilipofika barazani, matope kwenye viatu, bibi harusi tayari ulimini. Mwenye baraza alikuwa bado kwenye mkutano wa mtaa unaofuata kazi. Walikuwepo wawili tu: huyo mke wa dereva, na dada mmoja aliyekulia Karagwe, Tanzania, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kama rula na ambaye hutukosoa sote bila huruma.

"Mwandishi ameingia," alisema yule dada. "Fungeni madirisha, maneno yasiruke."

"Leo nina bibi harusi," nikasema.

"Wa nani?"

"Wa kwangu. Amepanda pikipiki."

"Pikipiki ya bwana yangu?" aliuliza mke wa dereva, na tayari alikuwa amevuta kigoda chake karibu. "Akupe namba yake, we, tupate kazi."

Barazani petu kuna utaratibu: sweta za kufumuliwa hukaa kwenye benchi la mlangoni, na vitu vingine vyote hukaa chini ya dirisha. Lakini asubuhi ile mvua ilikuwa imepuliza manyunyu, na mtu fulani alikuwa amesogeza kila kitu pamoja ukutani. Mifuko ya plastiki kwetu haipo, imekatazwa, kila kitu hubebwa kwenye mifuko ileile ya karatasi ya kaki, na mifuko ya kaki inafanana kama mapacha. Nikachukua uliokuwa karibu. Ndani mlikuwa na sweta ya mtoto, ya buluu nzito, kifuani milia mitatu ya njano. Uzi ulikuwa umekwishatumika mahali pengine kabla, ulijionyesha kwa ulaini wake. Nikakata mishono ya ubavuni kwa mkasi mdogo, nikatenga kipande cha mbele, nikaanzia shingoni.

"Bibi harusi alisimama kando ya barabara," nikasema, na safu ya kwanza ikatoka.

Sijui nieleze vipi ile nusu saa. Bibi harusi alikuwa hai. Alipanda pikipiki upande, kama mama wa sokoni, akalikusanya gauni lote mapajani mpaka dereva hakuona kitu kwenye kioo isipokuwa weupe. Watu barabarani walimpungia mkono wakidhani wanamwona anapelekwa kanisani. Hapo uzi ulibadilika kuwa wa njano, tena buluu, tena njano, na mwenzangu alikuwa anabadilisha madonge bila kuniondolea macho. Bibi harusi akafika, akashuka kwenye mawe, akavua viatu. Akatia miguu kwenye maji moto katikati ya wazee wawili waliokuwa wanakanda magoti. Bibi kizee asiyemjua akamtolea kiazi kilichoivia mumo humo majini, akamwambia, "Kula kwanza, mambo mengine yatasubiri." Hapo simu yake ikaita. Alikuwa bwana harusi.

Na kipande cha mbele kikaisha mkononi mwangu.

"Alipokea?" aliuliza dada wa Karagwe. Sindano zake zilikuwa zimelala mapajani. Sikuwahi kuona sindano zake zimelala.

"Bado sijui."

"Ayi weee!" mke wa dereva alipiga paja. "Mutu anaachaka hadithi hapo?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tukafunga nyuzi mikanda mikanda, buluu yake, njano yake, tukazitia kwenye beseni la maji ya moto zipate kunyooka, kisha tukazitundika kwenye kamba, kila moja na chupa ya maji imefungwa chini iuvute uzi. Nilikuwa bado naifuta mikono nilipomwona mwenye baraza anapanda ngazi, amechoka na mkutano, lakini uso unang'aa.

"Bon," akasema. "Wapi ile mufano ya Bugeshi? Tuianze sasa hivi."

Lazima nieleze mfano wa Bugeshi ni nini, maana hata mimi nilikuwa najua habari yake tu, sikuwa nimeuona, wala wenzangu wawili. Huko Bugeshi, juu chini ya volkano, ambako baridi haina msimu, kunafunguliwa shule ya watoto wadogo. Direktrisi, yaani mwalimu mkuu wake, alikuwa ameshuka mjini Jumatano, mimi nikiwa kazini, akamwachia mama sweta moja aliyoifuma yeye mwenyewe. Masharti yalikuwa mepesi: atarudi Jumapili saa nane, baada ya ibada, akikuta tumefuma sweta moja inayofanana kabisa na ya kwake, sweta sitini za shule nzima ni zetu. Akikuta tofauti, atazipeleka kwenye karakana ya mashine iliyo nyuma ya stendi. Mama huyu tangu aanze alikuwa anafuma sweta mojamoja, ya mjukuu wa huyu, ya mgonjwa wa yule. Sitini! Alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu kanisani. Alikuwa ameagiza rafu ya mbao ya kuzipangia.

"Ilikuwa kwa mufuko," akaendelea, akiinama ukutani. "Buluu, na milia ya njano."

Mimi niliangalia kamba. Mke wa dereva naye akaangalia kamba. Chupa tatu zilikuwa zinayumba polepole chini ya uzi, na uzi ulikuwa unadondosha maji, buluu, njano, buluu.

Mama akafuata macho yetu.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikaa kwenye ngazi, mkoba ungali begani, akamwita Mungu wake kwa Kinyarwanda, "Mana yanjye." Kisha akasema, "Alifuma kwa mukono yake."

"Mama, ni mimi," nikasema. "Wao hawajui kitu, mimi ndiye niliyeuchukua mfuko."

"Najua ni wewe. Nani mwingine anafumua akicheka mpaka njiani inasikilika?"

Dada wa Karagwe ndiye aliyerudisha akili zetu. Alichukua kipande cha nyuma na mikono miwili, ambavyo sikuwa nimevigusa, akavitandaza. "Tulieni," akasema. "Upana upo hapa. Urefu upo. Mikono ipo. Shingo kila mtu anaijua. Kilichopotea ni milia tu: kila mmoja una safu ngapi, na kati yake safu ngapi. Mama, si una picha?"

Mama akatoa simu. Picha ilikuwepo: sweta imekunjwa, inaonekana kola, mkono mmoja, na kidole gumba cha Direktrisi. Mlia wa kwanza ulichungulia chini ya shingo, basi.

"Huo wa kwanza uko chini ya shingo tu, nakumbuka," mama akasema. "Na zingine zilikuwa zinazidi kunenepa. Kwa ngapi, mi sijahesabu. Nilijua nitahesabu leo."

"Uzi uliofumuliwa una mawimbi," nikasema kwa matumaini. "Kila wimbi ni kitanzi. Tunaweza kuusoma—"

"Mawimbi gani? Ulioutia kwenye maji ya moto?" dada akaniuliza, na nikaona kwamba kweli uzi ulikuwa unaning'inia umenyooka kama mvua.

Njano tuliweza kuipima, angalau. Tulijua safu moja inakula uzi kiasi gani, tukaikunjua njano yote mkono kwa mkono: ilitosha safu kumi na mbili. Milia mitatu, safu kumi na mbili. Nne nne nne? Lakini mama alisema ilikuwa inanenepa. Mbili, tatu, saba? Tatu, nne, tano? Na buluu ya katikati? Tulikaa tukibishana, na mkutano wa wanne ulikuwa umeanza kuwa wa kilio, wakati mke wa dereva aliposema, kana kwamba anajisemea:

"Mi njano ya kwanza nilikamata pale anapanda pikipiki."

Tukamgeukia.

"Ndiyo. Alikusanya robe, nikakamata njano. Nikasema moyoni, tazama, robe nyeupe na uzi ya njano. Na njano ya pili nikaanza pale amefika, dereva anamwambia 'chunga mawe'. Njano ya tatu ni miguu inaingia kwa maji. Mi nakumbuka muzuri, kwa sababu nilitaka kusikia kama yatamuunguza, na donge ikaniponyoka."

Safu moja, sentensi moja! Sweta haikuwa imepotea. Ilikuwa ndani ya hadithi, safu kwa safu, na hadithi ilikuwa kinywani mwangu.

"Leteni sweta nyingine!" nikapiga kelele. "Yoyote, ya upana huo! Bila uzi mkononi maneno hayarudi."

Mama aliniangalia kama mtu anayepima kama mgonjwa anaweza kusimama. Kisha akaingia ndani mwenyewe, akatoka na sweta ya kijivu iliyotoboka kwapa. Tukakaa palepale tulipokuwa tumekaa, kigoda kwa kigoda. Dada wa Karagwe akashika kalamu na daftari langu. Mama akasimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Bibi harusi alisimama kando ya barabara," nikasema, na nikavuta.

Ilirudi. Niliogopa isingerudi, lakini ilirudi yenyewe, sentensi ikimvuta mwenzake. Nilipofika kwenye gauni, mke wa dereva akapaza sauti, "Njano!" Nikasema: alilikusanya gauni lote mapajani. Nikavuta. Nikasema: dereva hakuona kitu kwenye kioo isipokuwa weupe. Nikavuta. "Buluu!" akapaza.

"Mbili," dada akaandika.

Watu wakampungia mkono barabarani, mama mmoja akapiga vigelegele, polisi akasimamisha magari apite. Sentensi sita za njiani. "Njano!" Mawe, viatu vyenye visigino, mkono wa dereva, kicheko. Nne. "Buluu!"

"Mbili, sita, nne," dada akasoma. "Endelea, endelea, usipumzike."

Sasa tulikuwa kwenye mawe ya maji moto. Akavua kiatu cha kulia. Akavua cha kushoto. Na hapo, sijui ni kwa sababu watu watatu walikuwa wanakitazama kinywa changu kama sufuria inayokaribia kuiva, nikajisikia nasema: mvuke ukamzunguka kama shela ya pili, laini kuliko ile aliyoivaa.

Nikavuta safu yake.

"Eh," mke wa dereva akasema. "Hiyo asubuhi sikuisikia."

"Niliisema."

"Hukusema. Shela ya pili? Mi ningekumbuka."

"Ulikuwa unabadilisha donge."

"Donge nilibadilisha mbele. We unaongezea!"

"Sikuongeza neno hata moja," nikasema, na niliamini. Sentensi ile ilikuwa nzuri mno kuwa mpya. Ilikaa mahali pake kana kwamba ilizaliwa pamoja na nyingine. "Ni hadithi yangu, naijua."

"Wacheni!" mama akasema. "Songa mbele."

Nikasonga. Miguu ikaingia kwenye maji. "Njano!" Wazee wakasogea, bibi kizee akatia mkono majini akatoa kiazi, akakipuliza, akasema maneno yake. "Buluu!" Simu ikaita.

Dada alikuwa anajumlisha, kalamu inagonga karatasi. "Njano: mbili, nne, sita." Akainua uso. "Kumi na mbili."

Nadhani majirani walidhani kuna aliyejifungua. Mke wa dereva aliruka akanikumbatia na donge zima mkononi. Mama aliniminya mashavu yote mawili, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Kumi na mbili! Uzi ulisema kumi na mbili na hadithi ikasema kumi na mbili, na mimi sikuwa nimejua, wakati wote nilipokuwa nasimulia, kwamba sentensi zangu zilikuwa zinakaa mbili, nne, sita, kama watoto wanaopangwa kwa urefu. Nimesoma mbele ya watu mara kadhaa, katika vikundi vyetu vya waandishi, nimepigiwa makofi ya heshima. Hakuna makofi yaliyowahi kunitikisa kama ile hesabu.

"Buluu ya juu sita," dada akamsomea mama, aliyekuwa ameshakamata sindano. "Buluu ya chini saba."

Mama akasimamisha mkono. "Saba? Nani anafuma saba? Ukifika saba uzi ya njano inaanzia upande mubaya."

"Hadithi imesema saba," nikasema.

Alisita. Mikono yake ya miaka yote ilikuwa inamwambia kitu kingine, niliona. Lakini ile kumi na mbili ilikuwa bado inatulevya. "Bon," akasema. "Donc saba."

Alifuma yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna mwenye kasi yake. Sisi tulimkaushia uzi kwa pasi ya mkaa, tukamlisha chai kwa kijiko kama mtoto ili asiache sindano, tukamhesabia safu kwa sauti. Kabla giza halijaingia kipande kilikuwa tayari. Jumapili baada ya ibada tukakishona ubavuni, tukakipiga pasi, tukakitia kwenye mfuko wake wa kaki. Sweta ilikuwa moja tu, tulikubaliana kusema hiyo ndiyo ya kwetu, na mfano umechafuka kidogo, unaoshwa. Ulikuwa uongo mdogo, na mama, ambaye alikuwa ametoka kanisani muda mfupi tu, ndiye aliyeutunga.

Direktrisi alifika saa nane kamili, mwanamke mwembamba mwenye koti refu la watu wa mlimani. Alisalimia kila mtu kwa mikono miwili, akakaa, akakataa chai kwanza. Akaitoa sweta mfukoni. Hakuiangalia. Alifumba macho akaipitisha vidoleni, mbele, nyuma, mkono.

"Nyuma ni mimi," akasema. "Mikono ni mimi. Hapa mbele si mimi. Mimi nakaza uzi, mume wangu husema sweta zangu zinaweza kusimama zenyewe. Huyu aliyefuma hapa ana mkono wa huruma."

Mama akafungua kinywa. Nikamtangulia.

"Nilikufumulia, Direktrisi. Nilidhani ni sweta kuukuu. Mama hakuwepo. Amefuma upya ili isikuumize, na kazi unayoishika ni yake. Ukiipeleka kwenye mashine, ujue tu kosa halikuwa lake."

Alifumbua macho, akaniangalia, halafu akaiangalia sweta kwa mara ya kwanza. Kidole chake kikashuka kifuani. "Mbili," akasema. "Nne. Sita." Akanyanyua uso. "Milia mmeijuaje? Sikuiandika popote. Niliiweka hivyo kwa ajili ya madarasa matatu, mtoto akipanda darasa mlia unanenepa."

Tulimweleza sote kwa pamoja, tukikatana maneno. Mke wa dereva aliigiza pikipiki. Dada wa Karagwe alionyesha daftari. Direktrisi alisikiliza, na pembeni mwa mdomo wake kitu kilikuwa kinajizuia. Kisha kidole kikarudi kwenye sweta.

"Hapa juu sita, sawa. Hapa chini mmeniwekea saba. Mimi nilikuwa na sita." Akanigeukia. "Hapa ulikuwa unasema nini?"

"Mi nilisema!" mke wa dereva alisimama wima. "Shela ya pili! Mi nilisema hiyo haikukuwa!"

Nikaisema sentensi, mvuke na shela na ulaini wake wote, kwa sauti ndogo. Hapo barazani, mchana kweupe, baada ya kuisema ndipo nilipoisikia. Ilikuwa inajitazama kwenye kioo. Bibi harusi alikuwa anavua viatu, ana haraka ya kutia miguu majini, na mimi nilikuwa nimemsimamisha ili watu wanione.

"Ni sentensi nzuri," Direktrisi akasema. "Ila watoto wangu hawaihitaji."

Mama alicheka. Alianza kama anakohoa, kisha akacheka kwelikweli, akashika goti. "Mikono yangu ilinikatalia," akasema. "Nikasikiliza mwandishi!"

"Sasa isikilize mikono." Direktrisi akamrudishia sweta mapajani. "Itoeni hiyo safu. Hizo sitini nataka zitoke kwa huyo mkono wa huruma, za kwangu zinawasugua watoto shingo. Lakini sita, mama. Sita juu, sita chini."

Sitini. Hatukupiga kelele safari hii. Mama aliweka tu kiganja juu ya sweta na kukibakiza hapo. Kisha akanisukumia. "We ndiye uliyeweka. We ndiye utaitoa. Fumua mpaka hapo, mi nitafuma tena kupanda."

"Sasa?"

"Sasa. Na useme. Direktrisi hajasikia."

Kwa hiyo tulikaa tena kigoda kwa kigoda, Direktrisi akikubali chai sasa, koti lake limefunguliwa. Nikakata mshono, nikaanzia shingoni. Bibi harusi alisimama kando ya barabara. Wote walihesabu kwa sauti, mbili za gauni, sita za njiani, nne za mawe, Direktrisi naye akihesabu kwa kidole kwenye ukingo wa kikombe. Akavua kiatu cha kulia. Akavua cha kushoto. Moja, mbili. Nikasogea taratibu mpaka tano, mpaka sita, na hapo sauti zote zikakoma na wote wanne wakanitazama mdomoni.

Safu ya saba niliivuta kimya.

"Asante," akasema mke wa dereva, na akauzungusha uzi.